Punda wa Mejumaa

Jumatatu, 5 Mei

Safari tatu kabla ya jua kuchachamaa. Bomba la Mtongwe lilikuwa na foleni, nikaenda kuteka kisimani. Mitungi kumi na sita kila safari. Tunu kavuta vizuri. Mwili umemrudia. Mwezi wa mfungo mbavu zake zilikuwa zinahesabika, homa haimtoki, tumbo limevimba kwa chini. Kadzo, daktari wa mifugo wa hapa Likoni, alimtoa damu akaitazama kwa darubini, akasema ni wadudu wanaoletwa na mbung'o. Akampiga sindano. Naona imefanya kazi.

Wateja bado wanasema "maji ya Mejumaa". Mke wangu ana miaka miwili Arabuni, analea watoto wa watu, na maji bado ni yake. Mkokoteni ni wake. Punda ni wake, alipewa na babake tulipooana. Mimi nilikuwa karani wa makontena kule Changamwe mpaka walipotupunguza. Mazoea ya kuandika kila siku ndiyo niliyotoka nayo.

Ijumaa, 9 Mei

Mejumaa kapiga. Ijumaa ndiyo siku yake, tajiri wake akienda msikitini na watoto. Hapati zaidi ya robo saa. Aliuliza hali ya Tunu kabla ya kuuliza yangu. Sina kinyongo. Mimi pia nikimwona Tunu ninamwona yeye, ametangulia mbele na hatamu mkononi, leso imefungwa kiunoni, vijana wa stendi wanamcheka mwanamke mwenye punda, naye hata hageuki.

Mkataba wake unaisha Julai. Tajiri anataka aongeze mwaka. Akaniuliza mimi naonaje. Nikasema aamue yeye. Akasema, "Haya."

Nilitaka kusema rudi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini yeye ndiye aliyepaua nyumba hii, na mimi nasukuma maji. Nilimwonea haya mke wangu mwenyewe.

Jumatano, 14 Mei

Tunu kajikwaa mara mbili kwenye mteremko. Mguu wa nyuma, wa kulia. Nimekagua kwato. Hamna jiwe, hamna kidonda.

Alhamisi, 15 Mei

Amejikwaa tena. Kwato inakunjika, anakanyaga kwa upande wa juu, anaburura. Mtungi mmoja umeanguka. Nimemrudisha nyumbani na mzigo nusu.

Ijumaa, 16 Mei

Mejumaa kauliza, Tunu hajambo? Nikasema hajambo.

Jumamosi, 17 Mei

Mdomo wa chini umelegea upande mmoja. Pumba zinamdondoka anapokula. Sikio la kushoto limelala. Nikimwita anageuza mwili wote, shingo haimtii. Jioni nimemkuta amebana paji la uso kwenye ukuta wa choo, amesimama hivyo hivyo, kama mtu anayesukuma mlango. Nimemvuta. Akarudi pale pale.

Wacha niliandike hili, maana hakuna atakayesoma. Siku ile uwanja wa ndege, Mejumaa aliniambia jambo moja tu juu ya Tunu: asitoke Likoni. Januari akaja shemeji Rashidi, kakake, kumwazima abebee nazi shambani kwake, kule karibu na msitu wa Shimba. Nikampa. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka mwezi mmoja tu wa kutoamka alfajiri kwa ajili ya kiumbe. Kule kuna mbung'o, kila mtu anajua. Nilijua.

Mejumaa hajui kama Tunu alikwenda. Hajui hata kama aliugua mwezi wa mfungo.

Jumatatu, 19 Mei

Kadzo kaja. Ni binti mdogo, wa Kaloleni, ana viatu vya mpira na sauti ya upole. Alimtembeza Tunu, akamrudisha kinyumenyume, akamfunika jicho moja baada ya jingine. Akamtoa damu tena. Akaenda kuitazama ofisini kwake, akanipigia adhuhuri.

Damu haina kitu. Nikasema alhamdulillahi. Yeye hakusema.

Alinieleza pole pole, nami naandika nisije nikasahau. Wadudu wenyewe ni wadogo mno, kila mmoja ni chembe moja tu. Mbung'o akiuma, wanaingia kwenye damu. Sindano ile inawaua waliomo damuni. Lakini wakikaa siku nyingi kabla ya dawa, wengine wanapenya mpaka kwenye ubongo na uti wa mgongo, na huko dawa ile haifiki. Damu inasafishika, mnyama ananenepa, mwenyewe anafurahi. Wao wako kichwani wanaendelea na kazi yao.

Alisema huwapata farasi hivyo hivyo, na ngamia, na mbwa. Alinitajia farasi mmoja wa kutembeza wageni ufuoni aliyemtibu zamani kidogo. Nikauliza alipona? Akasema hapana.

Kisha akasema kuna jingine. Dalili hizi zinafanana na za kichaa cha mbwa. Hakuona alama ya kuumwa, lakini hawezi kuapa. Nisimtie mkono mdomoni. Nimtenge. "Kama ni kichaa, Baba, hatapita siku kumi. Akipita, ni wale wadudu."

Jumanne, 20 Mei

Nimemfunga nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mkorosho. Maji nasukuma kwa mikono, mitungi sita. Mabega yanawaka moto.

Alhamisi, 22 Mei

Habari imeenea. Bi Riziki, jirani wa ukuta kwa ukuta, ana wajukuu watatu wanaocheza uani kwake. Alikuja na balozi wa nyumba kumi. Hakupiga kelele. Alisema amemjua Tunu tangu siku alipoletwa, na kwamba anaomba auawe leo. Wengine wanasema ni jini, nimwite mganga. Balozi anataka barua ya daktari.

Niliwaomba siku saba. Bi Riziki aliniangalia sana, akauliza kama Mejumaa anajua. Nikasema anajua. Sasa ninamdanganya mpaka jirani.

Ijumaa, 23 Mei

Kapiga. Leo kataka picha. Tajiri amemnunulia simu nzuri, anaweza kupiga ya kuonana. "Nionyeshe Tunu. Nionyeshe ua." Nikasema kamera ya simu yangu imeharibika. Akasema nilimwonyesha mbaazi zilizokauka mwezi wa tatu. Nikasema imeharibika baada ya hapo.

Akauliza tena kuhusu ule mwaka. Nikasema tena, aamue yeye.

Namtaka hapa. Namtaka asubuhi akiwasha jiko na kulisema lile jiko kama mtoto mkaidi. Namtaka aje anikaripie kwa nilichofanya. Miaka miwili nimelala upande wangu wa kitanda, upande wake sijaugusa.

Jumapili, 25 Mei

Siku ya sita. Anakula kidogo. Anazunguka mti kwa upande mmoja tu, kushoto, amechora duara mchangani.

Jumanne, 27 Mei

Siku ya nane. Yuko hai.

Alhamisi, 29 Mei

Siku kumi zimetimia. Si kichaa. Kadzo kaja mwenyewe kuwaambia Bi Riziki na balozi. Aliwaambia ugonjwa huu hauruki kutoka kwa punda hadi kwa mtoto, mpaka mbung'o wawepo katikati, na Likoni hapa hawapo. Bi Riziki kashusha pumzi.

Mimi nilikuwa nazihesabu siku hizi kama mfungwa. Zimeisha, na nilichopata ni jina la ule ugonjwa mwingine.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua kutwa. Mejumaa hakupiga. Nilikaa na simu magotini toka saa sita hadi Alasiri.

Jumatatu, 2 Juni

Kadzo amepata dawa nyingine. Ni ya ngamia, imetoka bara, mwenzake wa ng'ambo ya kivuko alikuwa nayo iliyobaki. Ni kali. Amesema wazi kuwa hatoi ahadi, huenda ikafika kule ubongoni au isifike. Nikasema piga. Tunu hakutikisika hata sindano ilipoingia shingoni.

Jumatano, 4 Juni

Amesimama bila kuegemea ukuta. Nimemtazama muda mrefu nisije nikawa najidanganya.

Alhamisi, 5 Juni

Sikio limeinuka nusu. Amekula maganda yote ya ndizi. Amepiga ule mlio wake asubuhi, mbovu, umekatika katikati, lakini ameupiga. Wajukuu wa Bi Riziki wakacheka nyuma ya ukuta. Nimefurahi mpaka nikaona aibu.

Jumamosi, 7 Juni, Idd

Nimeswali, nimerudi, nimekaa. Kila nyumba ina watu. Bi Riziki kaleta pilau. Rashidi katuma salamu kwa simu, anauliza punda vipi. Nikamwambia mgonjwa. Akasema kwake ng'ombe mmoja amedhoofu pia. Nikamwambia amwite daktari leo, asingoje. Hiyo ndiyo kheri yangu ya Idd.

Jioni Mejumaa kapiga kwa kuwa ni sikukuu, kapewa ruhusa. Alikuwa amevaa vizuri, alisema, amepaka hina, anataka anione nami nimevaa nini, auone ua, aione nyumba. Nikasema kamera bado. Akasema, "Hata siku ya Idd, mwenzangu?" Nikasema nitaipeleka kwa fundi wiki hii.

Tunu alikuwa nyuma yangu amesimama. Nilidhani wiki moja zaidi na atakuwa wa kuonyeshwa. Nilikuwa namngoja apone ndipo niseme ukweli.

Jumanne, 10 Juni

Mguu umeanza tena kuburura. Miguu yote miwili ya nyuma.

Mtu nisiyemjua kasimama nje akauliza kama nitauza ngozi. Nilimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika.

Alhamisi, 12 Juni

Alfajiri nimemkuta chini. Anajaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, nyuma hakuna kitu. Alikuwa amejaribu muda mrefu, magoti yamechubuka. Macho yanazunguka juu ya kichwa changu kama hayanioni.

Kadzo kaja kabla ya saa mbili. Amempima, amechuchumaa pale kitambo. Akasema dawa haikufika. Au imefika imechelewa. Ni wakati wa kumpumzisha, asiachwe hivi. Nikamwambia si punda wangu. Akauliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa mke wangu, na mke wangu hajui lolote, na hapigi mpaka kesho mchana.

Hakunilaumu. Alimpa dawa ya kutuliza maumivu, akanionyesha kumgeuza ubavu kila baada ya saa mbili ili asioze kwa kulala. "Kesho Alasiri nitakuja, Baba. Zaidi ya hapo ni kumtesa."

Peke yangu sikuweza kumgeuza. Bi Riziki alikuja bila kuitwa. Alifunga leso kiunoni, akashika gunia upande mmoja nami upande mwingine. Tumemgeuza mara tano. Mwanamke wa miaka sitini na kitu. Kwenye ile ya tano akasema tu, "Mwambie mwenzio."

Ijumaa, 13 Juni

Saa saba kasoro simu ikalia. Hakutaja Tunu. Aliniuliza nimeamkaje, kwa sauti ya mtu mgeni.

Nikasema yote. Rashidi, msitu, mwezi mmoja. Homa ya mfungo. Sindano, damu safi, zile siku kumi. Kwamba kamera ni nzima, ilikuwa nzima siku zote. Kwamba yuko chini tangu jana na daktari anakuja Alasiri. Nilisema mbiombio kwa kuogopa dakika kwisha.

Nikadhani laini imekatika.

"Nilidhani umeoa," kasema.

Sikuelewa. Akasema tena. "Unanificha ua. Unanificha nyumba. Kila nikiuliza nirudi, hutaki kusema rudi. Nilidhani kuna mwanamke humo ndani, Bakari. Nilikuwa nalala nalo hilo."

Nikamwapia wallahi hakuna. Nikamwambia sikusema rudi kwa kuwa niliona haya. Nikalisema, hatimaye. Nikasema, "Rudi, Mejumaa. Rudi nyumbani."

Akasema, "Jumatatu nimetia sahihi."

Mwaka mzima. Baada ya Idd, baada ya kamera. Pasi ya kusafiria iko kwa tajiri na karatasi iko ofisini kwa wakala.

"Ungesema Mei," kasema. Hakusema kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

Kisha akaomba nimpelekee Tunu simu. Nikaiweka kwenye nyasi karibu na kichwa chake, nikabonyeza picha ili amwone, nikaenda kusimama kwenye ua nikawapa mgongo. Alisema naye kwa Kidigo. Sikusikiliza. Nilisikia sauti tu, inapanda na kushuka, kama alivyokuwa akisema naye asubuhi akimfunga nira. Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa miaka miwili. Kwangu mimi hakuwa akiitumia. Au nilikuwa simpi nafasi.

Nilipochukua simu, dakika zilikuwa zimekwisha.

Kadzo alikuja saa kumi. Sindano mbili, ya kwanza ya usingizi. Mkono wangu ulikuwa shingoni mwake. Pumzi ndefu, halafu fupi, halafu basi.

Jumamosi, 14 Juni

Tumemzika kwenye kiwanja kitupu nyuma ya mkorosho, balozi kaleta watu wanne na majembe. Udongo wa juu ulikuwa laini kwa mvua, chini mawe. Rashidi alifika tumeshamaliza. Alisimama pale akalia kama mtoto, nami sikuweza kumkasirikia. Daktari amekwenda kwake, ng'ombe wake amechomwa sindano mapema, ataishi.

Jumatatu, 16 Juni

Maji. Mitungi sita, safari nne. Mteja mmoja kaniambia pole ya punda. Nikasema ahsante.

Jumatano, 18 Juni

Sina la kuandika. Nimemkumbuka mke wangu kutwa.

Ijumaa, 20 Juni

Hakupiga.

Ijumaa, 27 Juni

Hakupiga. Nimemtumia ujumbe wa sauti. Nimesema sitamlaumu akikaa kimya, na kwamba nimeosha shuka za upande wake.

Ijumaa, 4 Julai

Kapiga saa saba. Ya kuonana. Uso wake umepungua, nywele zimeanza mvi kwenye utosi, sikuwa nimejua. Aliniambia nimekonda. Nikakubali.

Hakuna aliyetaja sahihi. Aliniuliza nakula nini, nikamwambia ukweli: muhogo, siku nyingine chai tupu, sipendi kupika na sijawahi kupenda. Akacheka kidogo kwa pua. Nikamwambia paa la jikoni linavuja. Nikamwambia mabega yananiuma na nimeanza kuuza maji kwa mitaa mitatu tu, ile mingine imechukuliwa na kijana mwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Miaka miwili nilikuwa namwambia kila kitu ni kizuri.

Naye akasema. Vidole vyake vinachanika kwa sabuni. Mtoto mdogo wa kule anamwita mama, na mwenye nyumba hapendi. Hulala kwenye chumba cha kuwekea mchele na mafuta, godoro liko katikati ya magunia. Sikuwahi kumuuliza analala wapi. Nilimwambia hivyo, kwamba sikuwahi kuuliza. Akasema na yeye hakutaka niulize.

Ana siku nyingi mbele, na mimi pia. Tulizihesabu pamoja kwa miezi, si kwa siku, maana kwa siku ni nyingi mno.

Alisema chumba kina dirisha dogo, juu, lazima apande kwenye ndoo ili atazame. Nikauliza linatazama wapi. Akasikia mlango wa nje, akasema wamerudi, akakata.

Nimekaa uani. Upepo wa kusi umeshika, majani ya mkorosho yanapukutika kwenye udongo mpya. Nimefagia kidogo, nikaacha.

Sijui linatazama wapi.